Terminali Mbili

Doña Hortensia hakuwahi kuelewa mke wa mwanawe anafanya kazi gani, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya wageni. Kazi yake yeye ilieleweka: aliuza humintas, mahindi mabichi yaliyosagwa, yakafungwa kwenye maganda yake na kupikwa kwa mvuke, pale stendi ya mabasi ya Cochabamba. Stendi yenyewe watu huiita terminali. Kwa hiyo siku Zulma aliposema kwamba kazini kwake pia kuna terminali, na kwamba asubuhi nzima huwa yumo humo, mama mkwe alimkodolea macho.

"Terminali gani?" aliuliza. "Mimi niko terminali tangu huyu Limbert hajaota meno. Sijawahi kukuona."

"Si hiyo, mama. Ni hii hapa." Zulma alimgeuzia skrini. Juu kulikuwa na maandishi ya programu, chini yake ukanda mweusi. "Huku juu naandika. Huku chini naipa kompyuta amri. Wengine wanafungua madirisha mawili mbalimbali. Mimi napenda hivi, vyote viko pamoja, mtu hahangaiki."

"Na mabasi yanapita wapi?"

Limbert alicheka hadi akakohoa. Tangu siku hiyo, kila aliyeuliza habari za Zulma aliambiwa na doña Hortensia kwamba yuko terminali, ile isiyo na mabasi.

Kwa kweli mabasi yalikuwemo. Ofisi iliyomchukua Zulma kwa majaribio ilitengeneza programu ya kukatia tiketi, na mteja wake mkubwa alikuwa kampuni ileile ambayo Limbert aliiendeshea basi la Oruro mpaka walipopunguza madereva. Limbert ndiye aliyesikia kwenye dirisha la tiketi kwamba ofisi hiyo inatafuta mtu, akamletea mkewe habari. Mkewe akapata, yeye akabaki nyumbani. Baada ya Karnivali Zulma angeambiwa kama anaajiriwa au anaaga. Humintas zilitosha kwa chakula. Pango la nyumba lilimtegemea yeye, na wote watatu walilijua hilo bila kulisema.

Sasa, siku ya kwanza kazini ofisi ilimtaka achague neno la siri la kuingilia kwenye seva, ile kompyuta kubwa inayohudumia madirisha yote ya tiketi. Liwe refu, walimwambia, lisiwe jina la mtoto wala tarehe ya kuzaliwa. Zulma alikuwa amekaa meza ya jikoni, maana kazi aliifanyia nyumbani. Limbert alikuwa amelala kwenye kiti, kofia usoni, saa ambayo watu wako kazini. Vidole vya Zulma vikaandika vyenyewe: limbert-tafuta-kazi.

Neno la siri ukiliandika kwenye terminali, huoni kitu. Hata vinyota havitokei. Unabonyeza na ukanda unabaki mweusi vilevile, mpaka mlango ufunguke. Limbert aliweza kusimama nyuma ya kiti amemshikia mkewe kikombe cha api, ule uji wa moto wa mahindi ya zambarau, asione lolote. Basi kila asubuhi Zulma alimwambia mumewe lile ambalo hakuwa na moyo wa kumwambia, na hakuna aliyeumia. Mimi simlaumu. Zipo nyumba ambako mabaya zaidi ya hayo husemwa kwa sauti, mbele ya watoto.


Wiki ya Karnivali nusu ya Cochabamba huhamia Oruro kutazama ngoma, na mabasi hayatoshi. Mapema asubuhi ya Alhamisi mkuu wa Zulma, injinia Ximena, alimwandikia kwamba mabasi ya Oruro yamehamishiwa lango la nyuma, kwa hiyo maneno yanayochapwa chini ya tiketi yabadilishwe kabla madirisha hayajafunguliwa. Kazi ndogo. Zulma alifungua faili la maneno ya tiketi, akaandika: Mabasi ya Oruro yanaondokea lango la nyuma. Safari njema. Akashuka kwenye terminali, akaomba kuingia kwenye seva. Terminali ikamuuliza neno la siri.

Kabla ya kujibu akaingiwa na wasiwasi kuhusu nukta. Akabonyeza juu kwenye faili, akaona nukta ipo, akaridhika. Kile kimstari kinachopepesa, kinachoonyesha maandishi yatakapoangukia, kikabaki kulekule juu, mwisho wa faili.

Wakati huo doña Hortensia alikuwa mlangoni na kapu lake.

"Zulma, kitambaa cheupe umekiweka wapi?"

"Kiko kwenye kamba, mama."

"Kwenye kamba hakuna kitu."

"Basi Limbert atakuwa amekianua." Alikuwa anamtazama mama mkwe, vidole vinaandika vyenyewe kama ilivyo kila siku.

"Limbert? Huyu tangu azaliwe hajaanua hata soksi yake."

"Nasikia," alisema Limbert kutoka chumbani.

"Nimesema ili usikie."

Zulma alibonyeza kitufe cha kuingia. Alipogeuka, terminali ilikuwa bado inauliza. Nimekosea herufi, aliwaza. Akabonyeza chini, akaandika tena, mara hii mlango ukafunguka. Terminali yake alikuwa ameivuta ikachukua karibu skrini nzima, huku juu pamebaki mistari michache ambayo hakuitazama tena. Faili lilijihifadhi lenyewe, kwa maana ndivyo alivyolipanga, asipoteze kazi umeme ukikatika. Akatuma. Mwenzake Edson, ambaye ilikuwa kazi yake kupitia kila kinachotumwa, alibonyeza kukubali huku anatafuna mkate. Kitambaa kilipatikana chini ya kapu lenyewe, na doña Hortensia akaondoka bila kuomba radhi.


Doña Hortensia hakuwa mtu wa kurudi nyumbani kabla ya kuuza. Siku hiyo alirudi jua halijawa kali, bila kapu, kitambaa cheupe begani. Hakumtazama Zulma hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwa mwanawe.

"Limbert, umewafanya nini watu wa terminali?"

"Mimi? Sijakanyaga huko tangu Krismasi."

"Basi soma."

Limbert akachukua tiketi, akasoma kwa sauti. "Mabasi ya Oruro yanaondokea lango la nyuma. Safari njema." Midomo iliendelea kusoma bila sauti.

"Malizia," alisema mama yake.

"Limbert tafuta kazi."

"Iko kwenye zote. Kila anayekata tiketi anayo. Abiria mmoja, mtu na suti yake, ananiuliza, mama, huyu Limbert unamfahamu ili tumfikishie ujumbe? Nikamwambia simfahamu. Nimemkana mwanangu kwa mtu wa suti." Alivuta kiti akakaa. "Na yule mpiga debe, Tacho, unajua anavyoita abiria. Sasa ameliingiza. Oruro, Oruro, Oruro, Limbert tafuta kazi, Oruro. Watu wanacheka mpaka wanaweka mizigo chini."

Limbert aliikunja tiketi mara mbili, akaitia mfukoni. Sikio lake moja lilikuwa jekundu.

"Ni Wilfredo wa dirishani," alisema. "Alikuwa na chuki na mimi tangu zamani. Kumbe wanaweza kuandika wanachotaka humo."

Akachukua jaketi lake, lile la kampuni ambalo hawakumtaka alirudishe. Alikuwa anavaa mkono wa pili Zulma alipolivuta faili la maneno ya tiketi likaja mbele. Mstari ulikuwepo pale chini ya safari njema, kwa herufi ndogo, na vistari vyake. Alijua mambo mawili kwa mpigo: kwamba mumewe anakwenda kumpiga mtu asiye na kosa, na kwamba neno la kufungulia seva, yenye majina na namba za vitambulisho vya abiria wote, liko kwenye mifuko ya watu njiani kuelekea Oruro. Aliufuta mstari, akatuma upya. Tiketi zilizokwisha kutoka hakuweza kuzirudisha.

"Limbert, ngoja kwanza."

"Nangoja nini? Nikirudi tutaongea."

Hapo kompyuta ikaita. Alikuwa injinia Ximena. Vipokea sauti vya masikioni vya Zulma vilikuwa vimekufa, na cha kununulia vingine hakikuwepo, kwa hiyo kila mkuu wake alipopiga, jikoni nzima ilihudhuria kikao.

"Ngoja," alimwambia mumewe tena, akapokea.


Kwenye skrini walikuwa wawili, Ximena na Edson. Ximena alikuwa ameshika simu yenye picha ya tiketi ile, aliyotumiwa na wenye mabasi.

"Zulma, umeiona hii?"

"Nimeiona, injinia. Nimeshaiondoa."

"Vizuri. Sasa niambie, huyu Limbert ni nani?"

Doña Hortensia aligeuza kichwa taratibu. Limbert alikuwa ameshashika kitasa.

Edson akawahi. "Injinia, mimi naona ni maandishi ya majaribio tu. Sisi wote huwa tunaandika upuuzi tukijaribu kitu. Limesahaulika humo. Si ndivyo, Zulma?"

Edson hakusema hivyo kwa huruma tupu. Yeye ndiye aliyekubali bila kusoma, na upuuzi uliosahaulika ungewaletea wote wawili karipio moja dogo la kugawana. Lakini alikuwa amefungua mlango, na Zulma aliuona. Angesema ndiyo. Ximena angekunja uso, wangecheka kidogo, Limbert angedhani ni mzaha wa ofisini, na jioni Zulma angelibadilisha neno lake kimya kimya. Kazi ingebaki. Ila kama tayari kuna mtu ameliona, akaelewa ni nini na kuingia, nani angejua kuangalia?

"Si majaribio," alisema Zulma. "Ni neno langu la siri."

"La nini?"

"La seva. Ndilo ninaloandika kwenye terminali kila asubuhi. Leo kimstari kilikuwa juu kwenye faili, mimi nikadhani kiko chini."

Edson alitazama pembeni.

"Kila asubuhi," alisema Limbert pale mlangoni. Hakuwa anauliza.

Zulma hakugeuka. Kama angegeuka angelia, na hakutaka kulia mbele ya Edson.

"Libadilishe sasa hivi," alisema Ximena. "Nikiwa hapahapa. Na usikate simu."

Akashuka kwenye terminali. Mara hii alitazama kwanza kimstari kiko wapi, akatazama tena. Terminali ikamwomba neno jipya. Kitasa kikaachiwa, na Limbert akaja kusimama nyuma ya kiti chake, mahali pake pa kila siku, safari hii bila kikombe. Alitazama vidole vya mkewe vinavyopita juu ya kibodi na ukanda mweusi usioandika kitu. Terminali ikamtaka alirudie neno. Akalirudia.

Kisha walingoja. Ximena alikuwa anapitia orodha ya walioingia kwenye seva tangu asubuhi, na kilichosikika ni mbonyezo wa vitufe vyake, na lori la gesi likipita mtaani na kengele yake. Doña Hortensia alikuwa anakikunja na kukikunjua kile kitambaa.

"Ameingia Zulma peke yake," alisema Ximena hatimaye. "Tumepona. Zulma, nisikilize. Kuanzia leo huingii tena kwenye seva, utakuwa unampa Edson, na Edson atasoma kila herufi. Majaribio yako yanaanza upya baada ya Karnivali. Sikufukuzi kwa sababu umesema mwenyewe. Ungeniambia ni upuuzi, halafu nikagundua, leo ingekuwa siku yako ya mwisho."

"Asante, injinia."

"Usinishukuru. Mimi naenda kuomba radhi kwa wenye mabasi. Edson, wewe baki kwenye simu." Akasita. "Na huyo Limbert, mpe pole yangu."

"Amesikia," alisema Zulma.


Doña Hortensia ndiye aliyeanza, simu ilipokatika.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Umemtangaza mwanangu mpaka Oruro. Mimi mama yake namsema humu ndani, ndiyo. Lakini humu ndani. Huko nje ni kijana wangu, sina mwingine."

"Sikukusudia, mama. Naapa sikukusudia."

"Kuliandika kila siku hukukusudia? Mkono ulikuwa wa nani?"

"Mama, mwache," alisema Limbert. Alikuwa amekaa ukingoni mwa meza, bado na jaketi. "Ameandika uongo?"

Hakuna aliyemjibu, na nadhani hilo ndilo lililomuuma kuliko tiketi. Alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, akaona wote wawili wanatazama sakafu. Akainuka.

"Kapu umemwachia nani?"

"Primitiva, yule wa juisi."

"Twende. Zitapoa."

Zulma alishinda peke yake na kompyuta. Alifanya alichotumwa, akamtumia Edson, Edson akamrudishia nafasi mbili zilizozidi kati ya maneno na ujumbe mrefu wa kumkumbusha umakini. Alijibu asante. Kila mara alifikiria stendi, akafikiria Limbert akipita katikati ya watu waliokuwa wakimwita kapteni alipokuwa dereva. Alijua wanaume ambao kwa aibu ndogo kuliko ile walipanda basi la kwenda Chile wasirudi. Jaketi alilivaa, aliwaza. Na kitambulisho hukaa kwenye jaketi.


Walirudi jua likizama, wote wawili. Limbert alikwenda moja kwa moja bombani uani, akavua jaketi, akaanza kuosha shingo na mikono. Maji yaliyomtoka yalikuwa ya udongo. Doña Hortensia aliweka kapu tupu juu ya meza, akazungumza kwa sauti ya chini, akimtazama Zulma kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Amebeba kapu kichwani mchana kweupe, wanamwona. Akasimama pale langoni kabisa. Tacho alipomwona akameza maneno. Limbert akamwambia, vipi, mbona umenyamaza, endelea, Oruro halafu nani? Tacho akasema, kaka, ulikuwa utani. Akamwambia, mimi najua. Basi yule Wilfredo wa dirishani akamuuliza, haya, Limbert, kazi umepata? Watu wanasubiri wacheke. Akasema, bado, natafuta, kwenu ipo?"

"Wakacheka?"

"Wachache. Wilfredo akasema ya usukani hakuna, ila mizigo imewazidi wapakiaji, Karnivali hii. Limbert akapanda juu ya basi." Aliinama akaanza kutoa maganda yaliyobaki ndani ya kapu. "Dereva mzima, anapokezwa magunia na watu aliokuwa akiwapigia honi wampishe. Mpaka Karnivali iishe, basi. Baada ya hapo Mungu anajua. Mimi nilimpa huminta moja, akala amesimama."

Zulma alitaka kusema kitu. Mama mkwe akamwinulia kiganja.

"Usiniambie mimi. Mimi nilishakasirika, nimemaliza."

Limbert aliingia na taulo shingoni. Alivuta kiti cha pili mpaka kwenye kompyuta, akakaa karibu na mkewe, na mkewe akasikia harufu ya vumbi na dizeli aliyoisahau.

"Ile sehemu isiyoonyesha," alisema, "iko wapi?"

"Sehemu gani?"

"Unapoandika hayo mambo yako. Nataka kuandika langu."

"Limbert, hilo ni la seva. Utaandika kitu gani? Na mimi mwenyewe nimeshafungiwa."

"Inauliza au haiulizi?"

"Kuuliza itauliza."

"Basi iulize."

Zulma akashuka kwenye terminali, akaandika amri. Ule mlango ambao haukumtambua tena ukauliza neno la siri. Akasogea, na Limbert akajivuta mbele. Katika kusogeza kiti kiwiko chake kikasukuma kipanya na kukibonyeza, mshale ukiwa juu kwenye faili. Yeye hakuona. Alikuwa anatafuta herufi ya kwanza kwenye kibodi, kidole kimoja hewani.

Zulma aliona. Kimstari kilikuwa kimepanda kwenye faili, kinapepesa kwenye mstari mtupu, tayari kupokea kila kitu. Hakuhitaji kufanya lolote. Angekaa tu kimya, na mumewe angeandika moyo wake wote pale juu, kwa herufi zinazoonekana, na yeye angejua ni nini hasa ambacho mwanamume huyu alikuwa anakimeza miezi yote ile, kila alipomshikia kikombe. Alitaka kujua. Alitaka kuliko alivyotaka kazi.

"Ngoja," alisema. Akanyoosha mkono, akabonyeza chini, kwenye ukanda mweusi. Akahakikisha. "Haya. Sasa andika."

Limbert aliandika kwa vidole viwili. Aliandika kwa muda mrefu, akaacha, akafikiri, akaendelea. Zulma aligeuza uso akatazama kapu. Ukanda ulibaki mweusi kama haujaguswa. Mwishoni Limbert alibonyeza kitufe cha kuingia, kwa nguvu, na kompyuta ikatoa jibu lake.

"Inasema nini?"

"Inasema sivyo. Imekataa."

"Ikatae." Alijifuta uso kwa taulo, na alipoliondoa macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi nimeshasema."

Zulma alimshika mkono, ule wenye malengelenge mapya, na Limbert hakuutoa.

"Nyie," aliita doña Hortensia kutoka uani, alikokuwa anapakua, "supu inapoa. Mko wapi?"

"Tuko terminali, mama," alijibu Limbert.